Kabla ya Kuuliza Kama Inaruka

Anayeuza jeti kuukuu ya kivita ana hoja moja anayoitanguliza kabla hujafungua hata sanduku la spana: ataiwasha. Atakuomba usimame pembeni, injini italia, mshale wa joto utapanda na kushuka kama inavyotakiwa, na kibali chake kikiwa bado hai atairusha na kuizungusha juu ya uwanja. Ikishatua, anashuka akikutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi hoja hiyo siipokei. Ndege iliyoruka jana imethibitisha kwamba jana iliruka, basi. Jeti aina ya Strikemaster iliyokatika bawa huko Australia, Oktoba 2006, ikaua watu wawili waliokuwa ndani, nayo ilikuwa ikiruka vizuri mpaka dakika ile ile. Wachunguzi walipookota vipande walikuta nyufa pale bawa linaposhikana na mwili wa ndege. Nyufa za namna hiyo hazizaliwi siku moja.

Ndege hizo nazijua tangu ujana. Kenya ilinunua Strikemaster sita kutoka Uingereza, zikaanza kuingia mwaka 1971, na mimi, kijana wa Mombasa niliyekuwa sijawahi kugusa kitu kikubwa kuliko injini ya mashua, nikajikuta kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh, Nairobi, katika kundi la mafundi waliopangiwa kuzihudumia. Ni ndege fupi, nene, yenye viti viwili sambamba ili mwalimu na mwanafunzi waonane, na matangi ya mafuta kwenye ncha za mabawa. Asili yake ni ndege ya kufundishia marubani wa Uingereza, Jet Provost, iliyotiwa injini yenye nguvu zaidi, bunduki mbili, na vishikizo vya mabomu na roketi chini ya mabawa. Nchi zisizo na fedha za kununua ndege kubwa za kivita ziliipenda kwa sababu hiyo: ilifundisha asubuhi, na ikibidi ilipigana jioni. Saudi Arabia, Kuwait, Singapore, Ecuador, New Zealand, Omani, Kenya, wote walikuwa nazo.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya spana. Ilikuwa ya kalamu. Ndani ya mwili wa ndege kulikuwa na kisanduku chenye vidirisha vidogo vya namba, na kila kidirisha kilihesabu kitu kimoja tu: mara ngapi ndege imevuka kiwango fulani cha g. Rubani akikata kona kali, au akiinua pua kwa nguvu baada ya kupiga shabaha, uzito wa ndege unaongezeka, na mabawa ndiyo yanayobeba. Kwenye g nne bawa linabeba mara nne ya uzito wa kawaida. Kidirisha kimoja kilihesabu mikunjo midogo, kingine mikubwa zaidi, na kile cha mwisho kilikuwa kinahesabu ile ambayo rubani mwenyewe angependa isijulikane. Ndege ikisimama, kabla hata rubani hajavua kofia, nilikuwa nimeshafungua kifuniko, tochi mdomoni, nasoma namba moja moja na kuziandika kwenye fomu.

Sajini wetu hakuruhusu mtu asome kwanza aandike baadaye. Fomu ilikuwa lazima iwe mkononi. Tulimwona msumbufu. Siku moja aliniita, akakata kipande cha waya wa seng'enge, akanipa. "Kunja." Nikakunja, nikanyoosha, nikakunja. Akaniuliza waya utakatika lini. Nikamwambia sijui. "Ungekuwa umehesabu tangu mwanzo, ungekisia," akasema, akaenda zake.

Chuma huchoka. Alumini inachoka vilevile, na haina adabu ya kutoa taarifa. Mzigo ambao ungebebwa salama mara moja, au mara mia, ukirudiwa mara elfu kadhaa unafungua ufa mdogo mahali penye pembe au tundu, na ufa huo unakaa umejificha chini ya bolti na rangi mpaka siku yake. Ndiyo maana kuniambia kwamba ndege ina saa 3,000 ni kama hujaniambia kitu. Ndege mbili zilizotoka kiwandani wiki moja zinaweza kuwa na saa sawasawa, moja ikiwa imezitumia kufundisha wanafunzi kusoma ramani juu sana kwenye hewa tulivu, nyingine ikiwa imezitumia kushuka na kupanda juu ya uwanja wa shabaha, chini, adhuhuri, hewa ya joto ikiitingisha. Ya kwanza ni kijana. Ya pili ni mzee. Ukiziweka kwenye hanga moja na kuzipaka rangi, hata fundi hodari hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Baada ya jeshi nilifanya kazi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenye ndege ndogo za watalii, kisha maisha yakanipeleka Uingereza, na huko ndiko nilikokutana tena na Strikemaster, safari hii zikiwa mikononi mwa raia. Watu hununua jeti hizi. Wako wanaotaka kuziruka kwenye maonyesho, wako marubani wastaafu wanaotafuta ujana wao, na wako matajiri ambao wameshanunua magari yote. Mmoja akisikia kuna fundi aliyezifanyia kazi zikiwa mpya, anapiga simu. Kazi ya kukagua kabla ya kununua sikuitafuta, ilinijia kwa simu.

Mnunuzi ninayetaka kumweleza hapa alikuwa kijana wa Muscat, wa ukoo uliotoka Unguja. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, cha bibi, kitamu kuliko changu, na tangu simu ya kwanza aliniita Ami. Mjomba wake alikuwa miongoni mwa wale waliorudi Omani baada ya mwaka 1970 wakachukuliwa serikalini na jeshini, na alikuwa Salalah wakati wa vita vya Dhofar. Hadithi ya Mirbat alikua nayo: Julai 19, 1972, wapiganaji waliouzingira mji ule mdogo wa pwani, mawingu ya khareef, msimu wa mvua wa huko, yakiwa yamekaa chini, na Strikemaster kutoka Salalah zikipita chini ya mawingu hayo kuwasaidia waliozingirwa. Sasa alikuwa amepata fedha, na alikuwa ameona Strikemaster inauzwa mashariki mwa Uingereza, imepakwa rangi za Omani, mchanga na kahawia, na alama ya jambia.

"Ami, umeiona?"

"Nimeona picha ulizoniletea."

"Si nzuri?"

"Rangi yake nzuri."

Akacheka, lakini nilijua hakuipenda ile sauti yangu. Mnunuzi wa jeti hakuajiri kwa sababu hajaamua. Anakuajiri akiwa ameshaamua, na anachotaka ni mtu mwenye leseni amwambie kwamba ameamua vizuri. Nimejifunza kutobishana na moyo wa mtu kwa simu. Nilimwambia nitakwenda, na kwamba asitume fedha yoyote, hata ya kushikilia.

Muuzaji alikuwa rubani mstaafu, mtu mstaarabu, na hanga lake lilikuwa safi. Alitaka kuanza na injini. Nikamwomba meza na kiti. Aliduwaa kidogo, kisha akaniletea makasha ya madaftari. Asubuhi nzima sikuigusa ndege. Nilikwenda mara moja tu kusoma kibao cha utambulisho kilichopigiliwa kwenye mwili, na kibao kikanieleza jambo la kwanza: ndege hii haikuwahi kuiona Salalah. Ilikuwa ya Kuwait, kisha ya Botswana.

Hilo si kosa. Strikemaster nyingi zilihama hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Botswana ilinunua za Kuwait, ikanunua na zile za Kenya zilizobaki, ikaziruka mpaka ilipopata ndege nyingine kutoka Canada mwaka 1996. Baadaye zikaingia sokoni, na mmiliki raia anaweza kupaka rangi anayotaka, kwa kuwa rangi za Omani zinapendwa kwenye maonyesho. Lakini mnunuzi wangu alikuwa analipia hadithi ya mjomba wake, na ilikuwa haki yake kujua kwamba hadithi hiyo ilikuwa ya kopo la rangi. Nilipompigia kumwambia, alinyamaza, kisha akasema, "Haidhuru, Ami. Maadamu ni dada yao."

Madaftari ya miaka ya jeshi yalikuwa mazuri. Kurasa za Kuwait zilikuwepo, za Botswana zilikuwepo, namba za vile vidirisha zikipanda kidogo kidogo, ukurasa kwa ukurasa, kwa miandiko ya vijana ambao bila shaka nao walikuwa na sajini wao. Niliona raha kuzisoma. Kisha, baada ya ndege kuuzwa kwa raia, namba zikakatika. Mstari mmoja ulieleza kwamba kile kisanduku kimetolewa kwa kuwa hakihitajiki tena. Aliyekitoa alipunguza uzito kidogo na usumbufu kidogo. Kuanzia hapo kilichoandikwa kilikuwa saa tu.

"Lakini saa zenyewe ni chache," muuzaji akaniambia, na alikuwa sahihi. Kwa miaka yote ile ya uraia ndege ilikuwa imeruka saa ambazo jeshi lingezimaliza katika miezi michache. Nikamuuliza saa hizo zilikuwa za nini. Maonyesho, akasema, na akanionyesha picha kwa fahari: ndege imelala ubavu juu ya watazamaji, ndege inainuka wima, mvuke umejikunja juu ya bawa.

Mvuke ule juu ya bawa ndio ulionitia wasiwasi. Unatokea pale bawa linapobeba mzigo mkubwa. Dakika nane za onyesho ni kona kali, kuinua, kona kali, kuinua, chini chini, mbele ya watu waliolipa kuona hasa jambo hilo. Saa moja ya namna hiyo inaweza kulichosha bawa kuliko safari ndefu za kwenda na kurudi. Na hakuna aliyekuwa amehesabu. Kanuni iliyopo, nayo ni kanuni ya haki, inasema kwamba pale ambapo hesabu haipo, utachukua kadirio baya kuliko yote yanayowezekana kwa kazi ile na kulitumia. Nilichukua kalamu, nikapiga hesabu hiyo nyuma ya bahasha, na umri uliobaki wa bawa, ambao kwenye tangazo ulionekana kuwa wa kutosha, ukapungua hadi karibu na hakuna.

Niseme hapa jambo linalowaponza wanunuzi wengi. Wanadhani kitu kilichojengwa kwa ajili ya vita kimejengwa kidumu. Muuzaji naye aliniambia hivyo, akipiga ubavu wa ndege kwa kiganja: hii ni ya jeshi, ni imara. Ni imara kweli. Inabeba mabomu, inatua kwenye changarawe, inavumilia rubani mwanafunzi. Lakini jeshi halikukusudia iishi milele. Iliundwa iwe na umri wa kiasi fulani, umri ule uhesabiwe kwa vidirisha, na ukiisha ndege itupwe au ibadilishiwe mabawa, kwa fedha za serikali na kikosi kizima cha mafundi. New Zealand ilifanya hivyo hivyo: mabawa ya Strikemaster zake yalipoanza kuonyesha nyufa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaziondoa na kununua jeti za Kiitaliano. Mara nyingi ndege inapofika sokoni, jeshi limeshakula sehemu kubwa ya umri huo, na bei yake inaonekana rahisi kwa sababu hiyo. Bei ya kununua ndiyo malipo madogo kuliko yote utakayolipa.

Mchana nikapanda ngazi. Bawa la Strikemaster linashikwa kwenye mwili kwa masikio ya chuma yenye tundu, bolti nene ikipita katikati. Nikaingiza kioo na taa, nikalala chali chini ya tumbo la ndege. Niliona rangi safi. Niliona bolti zenye alama za kuonyesha hazijalegea. Nilichotaka kuona kilikuwa ndani ya tundu, kwenye ukuta wake, ambako jicho halifiki. Dawa yake inajulikana: unaegemeza bawa, unatoa bolti, unapitisha ndani ya tundu kifaa cha umeme kinachosikia ufa hata ukiwa mwembamba kuliko unywele. Muuzaji alikuwa na cheti cha ukaguzi wa namna hiyo. Nilikisoma, nikaangalia tarehe yake. Kilitangulia miaka ya maonyesho.

"Kuyatoa mabawa ni kazi ya siku kadhaa," akasema.

"Najua. Nimewahi kuyatoa."

Alifikiri, akakataa. Alikuwa na wanunuzi wengine, akasema, na hakuna aliyemdai jambo hilo.

Viti vilinichukua muda. Kabla sijamruhusu mtu yeyote kuweka mguu ndani ya chumba cha rubani huwa natafuta pini za usalama kwa macho yangu, naigusa kila moja kwa kidole, na sikubali kuambiwa kwamba zipo. Viti vya Strikemaster ni vya Martin-Baker, vya Mark 4, vinavyomrusha rubani nje kwa baruti. Baruti hiyo haijui kama ndege iko angani au hangani. Novemba 2011 rubani wa Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Uingereza, huko Scampton, alirushwa na kiti chake ndege ikiwa imesimama ardhini, mwavuli ukashindwa kufunguka, akafa. Kiti chake kilikuwa cha kizazi cha baadaye kuliko hivi, na kilikuwa chini ya uangalizi wa jeshi la anga lenye mafundi wake. Ninapoona kwenye maonyesho watoto wakipandishwa kukaa kwenye jeti kuukuu wapigwe picha, huwa nakwenda kutazama pini kwanza, hata kama ndege si yangu na hakuna aliyeniuliza.

Pini zote zilikuwepo. Baruti zilikuwa zimepita tarehe. Si kwa mwaka mmoja. Muuzaji alinieleza, bila kuona haya, kwamba za umri huu zimekuwa adimu na kwamba wengi wanaruka hivyo hivyo. Sehemu ya kwanza ni kweli. Na hiyo ya pili pia si uongo: ajali ya Shoreham ya Agosti 2015, pale Hawker Hunter ya maonyesho ilipoanguka barabarani na kuua watu 11, ilitokana na jinsi ndege ilivyorushwa, lakini wachunguzi walipokuwa wakipekua mabaki walikuta baruti za viti zilizokwisha muda wake. Zisingebadili chochote siku ile. Zilionyesha tu kwamba ndege ilikuwa angani ikiwa na kitu kwenye karatasi kinachoitwa uokoaji, huku hakuna mtu aliyeweza kuapa kwamba kingefanya kazi.

Wapo wanaoamua kuzitoa baruti kabisa na kuruka na viti vilivyolala. Hilo linaweza kuruhusiwa, nalo lina hesabu yake. Ndege yenye injini moja, isiyo na propela, inayokaribia ardhi kwa kasi kubwa kuliko ndege yoyote ya Wilson niliyoishughulikia: injini ikizima chini chini, unatafuta shamba. Viti vya Mark 4 vyenyewe vinahitaji ndege iwe na mwendo wa angalau noti 90 ndipo vimwokoe mtu akiwa usawa wa ardhi. Kwa hiyo hata vikiwa vizima kuna mahali havikusaidii. Mnunuzi anapaswa kukaa chini na kuamua kama anataka kuruka kitu hicho pasipo viti, na aamue akiwa nyumbani kwake, mbali na harufu ya mafuta ya taa.

Injini nitaipitia haraka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri. Viper ni injini ya ajabu. Waingereza waliibuni mwanzo kwa ajili ya ndege ya shabaha isiyo na rubani, Jindivik, kitu kilichokusudiwa kupigwa risasi, kwa hiyo umri wake ulipangwa uwe mfupi kabisa. Wakaipenda, wakaiimarisha, ikaishia kwenye ndege za nchi nyingi na ikawa miongoni mwa injini za kuaminika. Niliingiza kamera ya waya, nikazitazama bapa za tabini moja moja. Zilikuwa safi. Nilipitisha ukucha kwenye ncha za bapa za mbele, sikukuta pengo la jiwe. Ilipowashwa joto la bomba la nyuma lilipanda, likatulia mahali pake. Muuzaji alinitazama. Nilimpongeza, kwa sababu alistahili.

Mipira ilikuwa habari nyingine. Bomba la mpira lina tarehe iliyopigwa juu yake, na tarehe hiyo haisomwi na wengi kwa kuwa inataka upinde shingo nyuma ya vyuma. Nilikuta mabomba ya mafuta na ya haidroliki ambayo yalikuwa na umri wa mtu mzima. Mpira unaozeeka ukiwa umekaa bila kazi ni mbaya kuliko ule unaotumika; unakauka, unapasuka kwa ndani, na kipande kinachobanduka kinasafiri na mafuta kwenda mahali pembamba. Hilo lilikuwa la kurekebishika kwa fedha na subira. Mtungi wa oksijeni pia ulikuwa umepita muda wa kupimwa. Niliandika.

Ripoti zangu zina sehemu tatu: nilichokiona kikiwa kizima, nilichokiona kikiwa kibovu, na nilichoshindwa kukiona. Ya tatu ndiyo inayoleta ugomvi. Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko hizo mbili zikiunganishwa: bawa la kushoto, bawa la kulia, ukuta wa kila tundu, miaka ile isiyo na namba, matangi ya ndani, kutu chini ya sakafu ambako paneli hazikufunguliwa. Muuzaji aliposoma aliniambia kwamba nimeandika orodha ya vitu ambavyo havina kasoro. Kijana wa Muscat aliniuliza jambo hilo hilo kwa upole zaidi.

"Ami, kama hujui, mbona umeiandika kama ni mbovu?"

"Sikuandika ni mbovu. Nimeandika sijui."

"Kwangu mimi ni kitu kimoja."

"Basi umenielewa," nikamwambia. "Wewe ndiye utakayekaa ndani. Kile ambacho mimi sijui, wewe utakibeba."

Akauliza kuhusu kibali, kwa sababu ndege ilikuwa nacho na kilikuwa hakijaisha. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengine. Jeti ya kijeshi haikuwahi kupitishwa kwa viwango vya ndege za kiraia, kwa hiyo Uingereza haiipi cheti cha kawaida. Inaipa kibali cha kuruka chenye masharti, na watu wanapozirusha wanatakiwa waandike utaratibu wao wote na kuufuata. Kibali kinamaanisha kwamba siku ya ukaguzi karatasi zilitosha. Hakimaanishi kwamba ndege ni sawa na ile itakayompeleka Muscat. Na akitaka kwenda nayo huko, kibali cha Uingereza hakivuki mpaka chenyewe. Kila nchi ya njiani ina haki ya kukataa. Alikuwa hajalifikiria hilo. Alikuwa amefikiria kutua.

Tulimpa muuzaji nafasi ya mwisho: atoe mabawa kwa gharama ya mnunuzi, na akikuta hayana ufa bei iwe ile ile aliyoitaka. Ofa hiyo niliiona ya haki, na bado naiona hivyo. Alikataa. Sikumlaumu sana. Akiyatoa na ukapatikana ufa, ndege yake haiuziki tena kwa mtu yeyote, na yeye anakuwa mtu anayejua. Iliuzwa baada ya muda kwa mwingine ambaye simfahamu.

Kijana alinipigia baadaye. Alikuwa amepata nyingine, isiyo ya Omani wala isiyopakwa rangi za Omani, ya kijivu tu, bei yake ikikaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Alikuwa na picha nyingi za kuniletea. Nikamwambia picha akae nazo, aniletee kurasa za vidirisha. Zilifika zimepigwa skani vibaya, nyingine zimepinda, lakini zilikuwepo zote, hata za miaka ya uraia, kwa sababu mmiliki yule hakuwahi kukitoa kile kisanduku. Nikampigia muuzaji wake na kumuuliza kama atakubali kuyatoa mabawa. Akasema tayari yako chini; yalitolewa kwa ukaguzi mwezi ule, na kama ningefika kabla ya Alhamisi ningeweza kupitisha kifaa mwenyewe. Nilikata tiketi ya treni ya Jumatano.